Hesabu ya Kuonekana: Rada, Meli Kubwa na Ngalawa za Tanga

Hotuba mbele ya wavuvi, walimu na wanafunzi, Tanga mjini

Shikamooni wazee wangu. Mabwana manahodha wa Deep Sea na Sahare, mama zangu wa soko la samaki, walimu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na sita mliokuja na madaftari, habari za jioni. Asanteni kwa kuniita nyumbani.

Nimeombwa nieleze kazi ninayofanya. Kwa jina lake kamili ni kukokotoa kwa kompyuta namna mawimbi ya sumakuumeme yanavyotawanyika yanapogonga vitu vikubwa. Jina ni refu, lakini kilichoniingiza humo ni jambo la hapahapa baharini kwetu, kwa hiyo nitaanza na mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mvuvi wa mshipi. Usiku mmoja wa kaskazi, mimi nikiwa darasa la sita, alikuwa ametia nanga ngalawa yake nje ya kisiwa cha Ulenge, yeye na kijana mmoja. Kulikuwa na giza totoro, na karabai yao ilikuwa imezimika kwa kuishiwa mafuta. Akasikia mngurumo. "Nikadhani mvua inakuja," ndivyo alivyotusimulia. Alipoinua uso, nyota za upande mmoja zilikuwa hazipo. Ilikuwa meli, nayo ilikuwa inakuja juu yao. Haikuwagusa, ikapita. Wimbi lake la ubavuni ndilo lililoijaza ngalawa maji na kulikata tengo la kushoto, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke. Walishikilia ubao mpaka alfajiri, mashua ya dagaa ikawaokota. Meli yenyewe siitaji.

Wiki nzima barazani mjomba aliuliza swali lilelile: "Wale wana rada. Rada inaona meli maili kumi na ushei. Mimi nilikuwa mbele ya pua yao. Hawakuniona kwa nini?" Hakuna aliyemjibu. Ametangulia mbele ya haki kabla sijaweza kumjibu mimi. Jibu ninalo sasa, na leo nalitoa mbele yenu mliokuwa mkivua naye.

Rada ya meli hurusha wimbi la sumakuumeme, kisha husikiliza mwangwi. Wimbi hilo ni ndugu wa mwanga, na ni ndugu wa wimbi la redio mnalosikilizia taarifa ya habari. Yote hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachoyatofautisha ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Wimbi la redio ya FM lina urefu wa mita 3 hivi. Wimbi la rada ya meli iliyo ya kawaida zaidi lina sentimita 3 na kidogo, kama upana wa vidole viwili. Hesabu zangu zote za leo nitatumia sentimita 3 kamili, ili wanafunzi waweze kuzifuata kwa kalamu.

Sasa shikeni hili, maana ndilo linalobeba mengine yote. Tunaposema kitu ni kikubwa, hatukipimi kwa mita, tunakipima kwa mawimbi. Ngalawa ya mita 6 mbele ya wimbi la FM ni mawimbi mawili tu. Ni kitu kidogo, wimbi linaizunguka kama maji yanavyokizunguka kijiti. Ngalawa hiyohiyo mbele ya rada ni mawimbi 200. Na meli ya mafuta ya mita 250, ya aina inayokusudiwa kupakia pale Chongoleani, mwisho wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ni mawimbi zaidi ya 8,000. Kwa hesabu zangu, ngalawa ya mjomba ilikuwa kitu kikubwa. Laiti angejua.

Vitu vidogo sana kuliko wimbi vilipatiwa hesabu mapema. Lord Rayleigh katika karne ya 19 alionyesha jinsi chembe ndogo za hewa zinavyotawanya mwanga wa mawimbi mafupi kwa wingi zaidi, ndiyo maana anga ni samawati. Vitu vikubwa mno navyo, kama kioo mbele ya mwanga, tunavichora kwa miale iliyonyooka na kazi inakwisha. Taabu ipo katikati. Huko kitu ni kikubwa kiasi cha kuielemea kompyuta, na bado kingo zake, pembe zake na matundu yake yanalifanya wimbi lipinde, lizunguke na lirudi lilikotoka. Ngalawa, jahazi, meli na ndege mbele ya rada, vyote vimo humo.

Sheria zenyewe tunazo tangu 1865, James Clerk Maxwell alipoziandika. Heinrich Hertz akaja kuyathibitisha mawimbi hayo kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1880. Milinganyo ya Maxwell ni sahihi kwa meli, kwa ngalawa na kwa simu zilizo mifukoni mwenu. Lakini kuwa na mlinganyo na kuwa na jibu ni mambo mawili. Kwa kalamu na karatasi, maumbo tunayoweza kuyatatua kikamilifu yanahesabika kwa vidole. Maarufu kuliko yote ni tufe, nalo linahusishwa na Gustav Mie, Mjerumani, aliyechapisha jibu lake 1908. Na hakuna nahodha hapa anayesafiri ndani ya tufe.

Basi tufanye nini na chombo chenye umbo la chombo? Tuangalie kinachotokea wimbi linapogonga bati. Ndani ya bati mna elektroni. Wimbi likifika, elektroni zilizo usoni zinatikiswa, zinakwenda na kurudi mara bilioni 10 kwa sekunde. Huo tayari ni mkondo wa umeme, na mkondo unaotikisika nao hurusha wimbi lake. Mwangwi ambao rada inausikia ni jumla ya mawimbi yote yanayorushwa na mikondo hiyo. Tukiijua mikondo juu ya uso wote wa chombo, tumeujua mwangwi.

Lakini mkondo wa hapa unarusha wimbi linalokwenda kutikisa elektroni za pale, na za pale zinajibu na kutikisa za hapa. Kila sehemu ya uso inasikia sehemu nyingine zote, na jibu linapatikana pale tu zote zinapokubaliana kwa mara moja. Mwaka 1968 Roger Harrington wa Marekani alitoa kitabu kilichoifanya njia hii iwe ya kila mhandisi: ukate uso vipande vidogo, kila kipande kiwe na mkondo usiojulikana, uandike mlinganyo mmoja kwa kila kipande. Mwaka 1982 Rao, Wilton na Glisson wakaonyesha namna nzuri ya kufanya hivyo kwa pembetatu ndogondogo, ambazo zinaweza kuvaa umbo lolote kama kitambaa kinavyovaa mwili. Hadi leo tunazitumia.

Kanuni ya mkono ni kukata vipande kumi kwa kila urefu wa wimbi. Kwa rada yetu hiyo ni milimita 3, na hapo hesabu inatisha. Chukueni bati moja la mita mraba moja, kama la paa. Milimita 3 kwa milimita 3, mnapata vipande takriban 111,000. Kila kimoja kinasikia vyote, kwa hiyo jedwali la namba, ambalo wanahisabati huliita matriki, lina vyumba bilioni 12.3. Kila chumba kinataka baiti 16 za kumbukumbu. Jumla ni gigabaiti 197, na hilo ni bati moja ambalo bado halijawa chombo.

Chombo chenye uso wa mita mraba 20 kina vipande milioni 2.2 na jedwali la terabaiti 79. Meli yenye uso wa mita mraba 20,000 ina vipande bilioni 2.2, na jedwali lake linazidi la chombo kile mara milioni moja. Na hapo tumelihifadhi tu. Kulitatua kwa njia mliyofundishwa shuleni, ya kuondoa kisichojulikana kimoja baada ya kingine, kazi inakua kwa mchemraba. Rada ikifupisha wimbi lake nusu, vipande vinakuwa mara 4, jedwali mara 16, kazi mara 64. Kununua kompyuta kubwa zaidi hakukuokoi. Umeipata kompyuta yenye nguvu mara 64, umesogea hatua moja.

Ipo njia nyingine, ya kukata anga lote linalokizunguka chombo kuwa vichemraba na kuliacha wimbi litembee humo hatua kwa hatua. Kane Yee aliianzisha 1966, na kwa mambo kama simu karibu na kichwa cha mtu ni njia nzuri sana. Kwa chombo kikubwa mimi siichagui. Inakata hewa tupu pamoja na chombo, na kila wimbi linapotembea kwenye vichemraba linachelewa kidogo kuliko linavyopaswa. Kwa mawimbi 10 huoni kitu. Kwa mawimbi 8,000, kuchelewa huko kumejilimbikiza na kuliharibu jibu lote.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika taaluma hii, nanyi mtanivumilia nikikaa hapo. Wazee wangu mnakumbuka nyumba kumi kumi. Tuseme kila kaya ya Tanga mjini inataka kupeleka salamu kwa kila kaya ya Muheza. Kila mtu akifunga safari kwenda kubisha hodi kila mlango, barabara haitapitika. Badala yake kaya kumi zinampa balozi wao. Mabalozi wanakusanya kwa mwenyekiti wa mtaa, mtaa unapeleka kwa mtendaji wa kata, kata zinapeleka wilayani. Wilaya inaongea na wilaya mara moja. Kisha upande wa pili salamu zinashuka, kata, mtaa, balozi, mpaka mlangoni. Jirani wa ukuta kwa ukuta hupitii kwa balozi. Huyo unamwita dirishani.

Leslie Greengard na Vladimir Rokhlin walichapisha wazo la namna hiyo 1987, kwa ajili ya chembe nyingi zinazovutana. Mwaka 1990 Rokhlin akalileta kwenye mawimbi yanayotawanyika. Katika miaka ya 1990 Weng Cho Chew na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois wakalijenga kwa ngazi nyingi, balozi juu ya balozi, kwa maumbo ya kweli ya pande zote. Vipande vya jirani vinaongea moja kwa moja. Vya mbali vinaongea kupitia makundi, na makundi kupitia makundi makubwa zaidi.

Wanafunzi, hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kwa vitu vinavyovutana kama nyota, balozi anaweza kuandika ripoti fupi: "huku tuko wazito kiasi hiki," na ukiwa mbali inatosha. Wimbi halikubali ufupisho huo. Wimbi lina vilele na mabonde, na kundi kubwa husikika tofauti kabisa ukilisikiliza kutoka kusini na ukilisikiliza kutoka mashariki. Balozi wa mawimbi anaandika ripoti yenye mistari mingi: ukielekea upande huu kundi langu linasikika hivi, ukielekea upande ule linasikika vile. Kundi likiwa kubwa maradufu, mistari ya pande inakuwa mara nne. Ungedhani kazi imerudi kuwa ileile. Lakini kundi la juu likiwa na upana maradufu limemeza makundi manne ya chini yake, kwa hiyo idadi ya makundi imekuwa robo. Mara nne kwa robo, kazi ya kila ngazi inabaki sawa. Ngazi zenyewe ni chache, kwa sababu kila ukiongeza ngazi moja eneo linakuwa mara nne. Niliposoma hoja hiyo mara ya kwanza niliandika kwenye daftari: mara nne, robo. Nikaifunga daftari nikatoka nje kutembea.

Faida yake ni hii. Kwa kile chombo cha vipande milioni 2.2, njia ya kila mtu kubisha kila mlango ni hatua trilioni 4.9 kwa mzunguko mmoja. Kwa njia ya mabalozi, nikiacha vizidishi vidogo, ni kama milioni 47. Ni mara 100,000 pungufu. Kwa meli ya vipande bilioni 2.2 tofauti inapita mara milioni 70. Ndiyo maana katika muongo wa 2010 watafiti waliweza kuvuka visivyojulikana bilioni moja katika tatizo moja. Ilikuwa kompyuta kubwa, sawa, lakini bila mabalozi isingefika hata nusu ya njia.

Niliposema mzunguko nilimaanisha kwamba hatulitatui jedwali kwa mkupuo. Tunakisia mikondo, tunaangalia imekosea wapi, tunairekebisha, tunaangalia tena, kama mpishi anavyoonja na kuongeza chumvi. Mbinu za kurekebisha kwa akili zipo tangu kazi ya wanahisabati Hestenes na Stiefel, 1952. Wakati mwingine mizunguko 30 inatosha. Wakati mwingine maelfu hayatoshi, na hapo ujue umeuliza swali vibaya.

Mimi niliuliza vibaya. Programu yangu ya kwanza niliipima kwa tufe la chuma, kwa kuwa jibu la Mie lipo na halidanganyi. Tufe la nusu kipenyo mita 1 mbele ya rada linaonekana kana kwamba ni shabaha ya mita mraba 3.14 hivi, yaani eneo la duara lake. Yangu ilitoa jibu zuri, nikabadilisha masafa kidogo, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, jibu likaruka, nikabadilisha tena, likarudi. Siku kumi na moja nilikagua pembetatu moja moja. Pembetatu hazikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba mlinganyo niliouchagua, wa uga wa umeme peke yake, unausikia pia uwazi wa ndani ya tufe. Pulizeni mdomoni mwa chupa ya soda: kuna sauti fulani ambazo chupa inaziitikia. Ndani ya tufe lililofungwa pia kuna masafa yanayoitikia, na yakilingana na ya rada, hesabu inapokea mikondo ya uongo ambayo nje haionekani kabisa. Tiba yake inajulikana: unachanganya mlinganyo wa uga wa umeme na ule wa uga wa sumaku katika mlinganyo mmoja. Masafa yanayoudanganya mmoja hayaudanganyi mchanganyiko. Na kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa masafa hayo ya hatari yanasongamana, kwa hiyo kwa meli hakuna namna ya kuyakwepa kwa bahati. Mwalimu wangu aliniambia neno moja tu, "Changanya," na ilitosha.

Zipo pia njia za mkato zinazotumia miale. Joseph Keller mwaka 1962 alieleza jinsi mwale unaogonga ukingo unavyozaa miale mingine. Mwaka huohuo Pyotr Ufimtsev alichapisha Moscow njia yake ya kusahihisha mikondo ya kingo. Jeshi la anga la Marekani lilikitafsiri kitabu cha Ufimtsev 1971, na wahandisi wa huko wakaitumia hesabu yake kuchora ndege ya kivita isiyoonekana kwa rada kirahisi, F-117. Ile ndege ina nyuso bapa bapa kama jiwe lililochongwa kwa sababu kompyuta za wakati ule zilimudu nyuso bapa tu.

Hapo pananiumiza, na nitasema wazi. Sehemu kubwa ya hesabu hii imelelewa na watu waliotaka kufichika, watu waliolipa fedha nyingi ili chombo chenye mabomu kionekane kama ndege wa porini. Sisi huku tuna watu wanaotaka kuonekana na hawaonekani. Hesabu ni ileile. Milinganyo haijui imetumwa na nani.

Sasa jibu la mjomba. Ngalawa ni gogo la mwembe na mbao. Mbao kavu, wimbi likiipiga wima, hurudisha kama asilimia 3 ya nishati yake. Nyingine inapenya au inafyonzwa na unyevu. Hiyo asilimia 3 nayo hairudi yote ilikotoka, maana ubavu umejipinda na unaitupa pande nyingine. Umbali unamalizia. Mwangwi unapungua kwa kipeo cha nne, umbali ukiwa maradufu mwangwi ni sehemu moja ya 16. Na bahari yenyewe ina mwangwi. Mawimbi ya maji yanairudishia rada madoa kila mahali, hasa bahari ikichafuka. Afisa wa zamu kwenye meli ana kitufe cha kuyapunguza madoa hayo ili kioo kisomeke. Akikiongeza, madoa ya bahari yanafutika, na doa la ngalawa linafutika pamoja nayo. Mjomba hakuwa nje ya macho ya rada. Alikuwa amefutwa pamoja na bahari.

Naomba mnisogezee kile kitu pale mezani. Asante mwanangu.

Hizi ni bati tatu za pembetatu zenye pembemraba, kila ukingo ulio kwenye kona una sentimita 30, zimeunganishwa kama kona ya chumba, sakafu na kuta mbili. Wimbi likiingia humu linagonga ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha linatoka likielekea kulekule lilikotoka. Chombo kiyumbe, kigeuke, bado linarudi, almuradi kona imeielekea meli kwa kiasi. Bati moja bapa lingeweza kutoa mwangwi mkubwa zaidi, lakini likiinama nyuzi mbili tu sehemu kubwa ya mwangwi imekwenda kwingine. Kona hii, mbele ya wimbi la sentimita 3, ni shabaha ya mita mraba 38 hivi. Kubwa kuliko lile tufe mara 12. Na nguvu yake inakwenda kwa kipeo cha nne cha ukingo. Fanyeni ukingo sentimita 15, inabaki mita mraba 2.4. Fanyeni sentimita 60, inakuwa zaidi ya 600. Meli zina rada ya pili pia, ya wimbi la sentimita 10, inayopendwa wakati wa mvua. Mbele ya rada hiyo, kona hii ya sentimita 30 inashuka hadi mita mraba 3.4. Ndiyo maana nasema 30 ni kima cha chini.

Kona moja inaona upande mmoja, kwa hiyo tunakatisha bati tatu zipitane katikati tupate kona nane. Tundikeni mlingotini juu muwezavyo, kona moja ikitazama mbinguni kama bakuli linalokinga mvua. Mkiitundika ikiwa imesimama kwa ncha, kona nyingi zinatazama juu au chini, na upande wa meli panabaki mapengo.

Mnaweza kuniuliza basi kompyuta ya nini, kama jibu ni kona ya bati. Fomula niliyowapa ni ya kona iliyo peke yake hewani. Yenu itakuwa juu ya mlingoti, kando ya foromali, ule mti unaoshika tanga, nyuma ya tanga lililolowa, juu ya bahari ambayo nayo ni kioo. Mwangwi wa moja kwa moja na ule uliopitia majini unaweza kuongezana au kuuana, kutegemea urefu wa mlingoti na umbali wa meli. Hilo ndilo ninalokokotoa: chombo kizima pamoja na kona yake, mabalozi wote wakiwa kazini, kwa kila pembe na kila kimo. Nataka niweze kumwambia mwenye ngalawa ya mita 6 mahali hasa pa kuifunga, na mwenye mashua ya mita 10 mahali pake.

Niliombwa niache muda wa maswali, na mzee wangu pale amenyosha mkono tangu nilipotaja bati.

*Mzee aliuliza: bati litapata kutu kwa chumvi, je, litaacha kufanya kazi?*

Swali zuri sana, babu. Kwa masafa haya umeme hauingii ndani ya chuma. Kwenye alumini unakaa kwenye ngozi ya juu isiyofika hata elfu moja ya milimita. Kwa hiyo unene si kitu. Hata ubao wa plaiwudi uliogandishwa ile karatasi ya alumini ya kufungia vyakula unafanya kazi kama bati zito, na kwa chombo chepesi ninaupendelea. Kutu jembamba juu ya bati halitaharibu kitu, maana ni jembamba mno mbele ya wimbi la sentimita 3. Kinachoharibu ni bati kubonyea na pembe kupotoka. Bati likikosea nyuzi moja kwenye kona, kwa ukingo wa sentimita 30, ncha yake imehama milimita 5. Hiyo ni sehemu ya sita ya wimbi, na mwangwi wa ukuta huu hauafikiani tena na wa ukuta ule. Kwa hiyo mkikalia kona, mkiikanyaga, mkiitumia kufungia kamba, itazameni upya.

Fundi aliyetengeneza hii yuko hapa, ana skwea yake. Njoo babu, iweke mwenyewe kwenye kona zote tatu, tuone kama ni nyuzi 90.